Gari Lisilo Dereva: Nani Tumpe Amana?

Jambo lililokuwa hekaya ya kuwalaza watoto leo hulipiwa nauli. Katika miji ya Phoenix, San Francisco na Los Angeles huko Marekani, mtu huita teksi kwa simu yake, ikamjia taratibu hadi ukingoni mwa njia, akafungua mlango, akaketi, akajifunga mkanda, nayo ikaondoka. Kitini mwa dereva hakuna mtu. Usukani wazunguka kulia na kushoto peke yake, kama ulioshikwa na mikono isiyoonekana. Bibi zetu wangaliyaona haya wangalisoma Ayatul Kursi, kisha wakateremka.

Wala lisidhaniwe jambo hili kuwa ni la mbali, la Wazungu na vituko vyao. Abu Dhabi, ambako ndugu zetu wa pwani wamekwenda kutafuta rizki, kampuni ya Kichina iitwayo WeRide, ikishirikiana na Uber, ilianza kubeba abiria kwa magari ya namna hii Desemba 2024, kwanza akiwamo mwangalizi ndani. Ilipofika Novemba 2025, katika kisiwa cha Yas, mwangalizi naye akateremshwa. Dubai ilikwisha tangaza tangu 2016 kwamba ifikapo 2030 yataka robo ya safari zote za mji ziwe za vyombo vijiendeshavyo. Kwa hivyo anayekwenda kumzuru mwanawe Ghuba, leo au kesho, huenda akapanda teksi akatoa salamu, asiwepo wa kuiitikia.

Swali basi limeingia barazani: je, mtu aliamini gari kama hilo? Wako wasemao ni ujinga kuogopa, kwani chuma hakina usingizi. Wako wasemao ni wazimu kupanda, kwani chuma hakina huruma. Mimi naona pande zote mbili zabishana juu ya chuma, ilhali kiini cha swali kiko kwa watu walio nyuma ya chuma hicho. Nisikilizeni kwa subira, ndugu wasomaji, nilieleze kwa utaratibu.

MACHO YASIYO USINGIZI

Kwanza tulijue gari lenyewe, kwani usilolijua ni kama usiku wa giza. Kazi hii ilianzishwa na kampuni ya Google mwaka 2009. Mwishoni mwa 2016 ikawa kampuni ya peke yake kwa jina la Waymo. Desemba 2018 ikaanza kutoza nauli katika viunga vya Phoenix, jimbo la Arizona, na Oktoba 2020 ikawafungulia watu wote wa pale magari yasiyo na mtu yeyote mbele. San Francisco ikafunguliwa kwa kila atakaye Juni 2024, na Los Angeles Novemba mwaka uo huo.

Gari limevishwa macho ya namna tatu. Ziko kamera, zinazoona rangi na maandishi, taa nyekundu na kibao cha njia. Iko rada, inayopima umbali na mwendo wa kitu hata katika mvua na ukungu. Na iko miali ya leza, inayorushwa pande zote mara nyingi mno kwa nukta moja. Miali hiyo hugonga kitu na kurudi, na kwa muda wa kurudi kwake kompyuta ikajua ukuta uko wapi, mti uko wapi, na mtoto yuko wapi. Juu ya hayo, gari limepewa ramani ya mji iliyochorwa kwa makini, likawa kama rubani wa bandari ajuaye kila fungu na kila mwamba wa mlango wake. Likikwama, humwuliza mtu aliyeketi ofisini mbali. Mtu huyo, kwa maelezo ya kampuni, hashiki usukani. Hulijibu swali tu, na gari likaamua lenyewe.

MWAMBA NGOMA

Tuwe wakweli: sifa zake si haba. Gari hili halisinzii alfajiri. Halilewi, halitafuni miraa, halisomi ujumbe wa simu, halishindani na mwenziwe kuwahi abiria wa kituo cha mbele. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria katika ripoti yake ya 2023 kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na hapa kwetu Kenya idadi ya vifo kwa mwaka imepita 4,000. Hao hawakuuawa na kompyuta. Waliuawa na kasi, na usingizi, na ulevi, na gari bovu lililoachiwa njia.

Mwaka 2025 ilichapishwa katika jarida la kitaalamu hesabu ya safari za Waymo za maili milioni 56.7, yaani kilomita milioni 91 hivi, zilizokwendwa bila dereva hadi Januari ya mwaka huo. Zilipolinganishwa na za madereva wa kawaida katika miji hiyo hiyo, ajali za kumjeruhi mwenda kwa miguu zilionekana pungufu kwa asilimia 92, na ajali za majeraha mabaya pungufu kwa asilimia 85. Hii si hesabu ya kupuuzwa. Mwenye mtoto avukaye njia kila siku kwenda chuoni hawezi kuipuuza.

Walakini wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Hesabu hiyo iliandikwa na wataalamu wa kampuni yenyewe, ingawa wengine waliipitia kabla ya kuchapishwa. Tena iko hesabu ya pili ya kuweka kando yake. Kule Marekani, mwaka 2023, alikufa mtu mmoja kwa kila kilomita milioni 127 hivi zilizoendeshwa na magari yote ya nchi. Basi kilomita milioni 91 zatosha kutujulisha habari za majeraha, lakini ni chache mno kukatia shauri la vifo. Na kilomita hizo ni za miji iliyochaguliwa, ikachorwa ramani kwanza, kisha ndipo gari likaachiwa. Jahazi lililojaribiwa ndani ya bandari si lazima liwe limeijua bahari ya Kusi.

MAKOSA MAGENI

Jingine la kuangaliwa ni kwamba gari hili likikosea halikosei kama binadamu. Tarehe 20 Desemba 2025 umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya San Francisco, taa za barabarani zikazimika. Dereva wa kawaida hapo hutoa mkono dirishani, akapisha, akapishwa. Teksi hizi zilipofika kwenye njia panda zenye giza ziliuliza ofisini, nyingi kwa wakati mmoja, majibu yakachelewa, nazo zikasimama palepale zikaziba njia. Mwezi huo huo kampuni ililazimika kuirekebisha programu yake, kwa kuwa baadhi ya magari yake yalikuwa yakiyapita mabasi ya shule yaliyosimama kupandisha na kuteremsha watoto, jambo ambalo sheria ya kule yalikataza.

Mwezi wa Oktoba wa mwaka huo, katika mtaa wa Mission, teksi mojawapo ilimkanyaga paka wa duka aliyependwa na mtaa mzima, watu wakaja kuweka maua pale alipokuwa akilala. Atakayecheka akasema paka si kitu, na aje Lamu aseme maneno hayo.

Na mwaka 2024, katika mji huo huo, mwanamke aliyekuwa peke yake ndani ya teksi alizuiwa na wanaume wawili waliosimama mbele ya gari, wakimtaka namba yake ya simu. Gari limefunzwa lisimguse mtu, kwa hivyo likakaa kimya kama punda aliyegoma, na mama wa watu yu ndani. Dereva mwenye haya angalipiga honi, angalirudi nyuma, angaliita watu. Ni kweli pia kwamba wako wanawake waipendao teksi hii kwa sababu haina mwanamume wa kuwatazama kiooni njia nzima. Yote mawili ni kweli, na mwenye insafu huyataja yote mawili.

MWANAMKE WA TEMPE

Sasa tuje kwenye misiba miwili, ambayo kwangu mimi ndiyo yenye somo kubwa kuliko hesabu zote.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, Arizona, mwanamke mmoja alikuwa akivuka njia huku akisukuma baiskeli. Lilikuwa likija gari la majaribio la kampuni ya Uber, lajiendesha, na ndani mna mwangalizi. Bodi ya serikali ya Marekani ichunguzayo ajali za uchukuzi ilieleza haya. Mitambo ilimwona nukta 5.6 kabla ya kumgonga. Ilimwona, lakini haikumjua. Mara ilimwita gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ilipombadilisha jina ilianza upya kukisia aendako. Haikuwa imefunzwa kwamba mtu huweza kuvuka mahali pasipo kivuko. Breki ya dharura iliyokuja na gari kutoka kiwandani ilikuwa imezimwa ili isigongane na mitambo ya kampuni. Naye mwangalizi alikuwa akitazama kipindi katika simu yake. Mwanamke akafa, akawa mwenda kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari lijiendeshalo.

Nani aliyejibu? Mwaka 2019 mwendesha mashtaka alisema haoni msingi wa kuishtaki kampuni. Mwangalizi akashtakiwa, na mwaka 2023 akakiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka mitatu ya kuwa chini ya uangalizi wa mahakama. Mwangalizi alikosa, hakuna shaka. Lakini aliyeamuru breki izimwe hakusimama kizimbani. Na aliyesahau kuifunza mitambo kwamba binadamu huvuka popote, hasa usiku, hasa akiwa fukara asiye na gari, naye hakusimama kizimbani.

MITA SITA

Msiba wa pili ni wa San Francisco, tarehe 2 Oktoba 2023. Gari lililoendeshwa na binadamu lilimgonga mwanamke aliyekuwa akivuka, likamrusha mbele ya teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise, mali ya General Motors. Mwenye gari la kwanza akatoroka. Teksi ilifunga breki, ikamgonga, ikasimama. Lau ingalibaki imesimama tungalisema imefanya iwezalo. Lakini kompyuta ilidhani kwamba gari limegongwa ubavuni, na kanuni yake ilikuwa kwamba likigongwa lijivute kando ya njia. Likajivuta, na mwanamke yu chini yake, muda wa mita sita hivi. Aliokoka, lakini na majeraha mabaya.

Hilo lilikuwa kosa la chuma. Kosa la watu likafuata. Ripoti ambayo kampuni iliipelekea serikali kuu haikutaja kwamba mtu aliburutwa. Kabla ya mwezi kwisha, jimbo la California likaisimamishia kibali. Mkuu wa kampuni akajiuzulu Novemba. Mwaka uliofuata, Novemba 2024, Cruise ikakiri kwamba ilitoa ripoti ya uongo, ikakubali kulipa dola 500,000. Na Desemba General Motors ikatangaza kuacha kuigharimia biashara ya teksi hizo. Kampuni hiyo ilikuwa na mamia ya magari na mabilioni ya dola, na iliponzwa na mita sita ambazo haikuzitaja.

CHOMBO KIMOJA

Lugha yetu ina hazina ambayo katika jambo hili yafaa kufunguliwa. Maneno amini, imani, amani na amana yote yametoka shina moja la Kiarabu. Nimwaminiye humpa amana, na nikishampa hulala kwa amani. Lakini liko neno la tano ambalo ni mlinzi wa hayo yote, nalo ni dhamana. Apokeaye amana hana budi awe mtu wa kuulizwa. Amana isiyo dhamana ni kutupa mali baharini ukitumai itaelea.

Tazameni tulivyokuwa tukimwamini nahodha. Abiria wa jahazi aliyetoka Lamu kwenda Mombasa hakuyajua mahesabu ya nyota wala hakujua kupima kina cha maji. Alimwamini nahodha kwa mambo mawili. La kwanza, ustadi wake, uliojulikana bandari zote. La pili, ambalo halikusemwa kwa kuwa lilionekana kwa macho, nahodha yumo chomboni. Chombo kikizama, anazama naye. Kadhalika dereva wa teksi, hata awe na pupa namna gani, roho yake na roho ya abiria zi ndani ya bati moja. Breki zikikatika, naye ana mke na watoto wanaomngoja nyumbani.

Teksi isiyo dereva imeliondoa hilo la pili. Mwenye chombo yuko ofisini, mbali, mkavu. Gari likianguka, ana hasara ya mali na ya jina. Abiria na mpita njia wana hasara ya roho. Sisemi kwamba mwenye chombo ni mtu mbaya. Nasema mizani haiko sawa, na penye mizani isiyo sawa ndipo sheria hutakiwa iongeze jiwe upande mwepesi.

ALIYE PAMOJA NA MNYAMA

Wanavyuoni wetu hawakuliona gari, lakini suala hili walilijua. Katika fiqhi ya Shafii, ambayo ndiyo isomwayo na wengi wetu pwani hii, yazungumzwa habari ya mnyama akidhuru. Ngamia akimkanyaga mtu, au punda akivunja mali, nani alipe? Kanuni yao ni kwamba aliye pamoja na mnyama, awe amempanda au anamkokota, ndiye abebaye dhamana. Hapokelewi kwa kusema, "Mnyama ndiye aliyekanyaga." Wewe ndiwe uliyekuwa naye.

Basi tuulize: gari tupu likimgonga mtu usiku, aliye pamoja nalo ni nani? Je, ni abiria aliyeketi nyuma, ambaye hata usukani haruhusiwi kuugusa? Je, ni yule mtu wa ofisini aliyejibu swali? Je, ni mwandishi wa programu, ambaye huenda alikwisha hamia kampuni nyingine? Mimi jibu langu ni kwamba aliye pamoja na gari ni yule aliyeliachia njiani akachukua nauli. Huyo ndiye mpandaji, hata kama yuko mbali kwa maili elfu.

Sheria za kule bado zalikimbilia jambo hili kwa nyuma. Septemba 2025, katika mji wa San Bruno karibu na San Francisco, askari wa barabarani waliisimamisha teksi ya Waymo iliyogeuka mahali palipokatazwa. Wakatazama ndani, hamna mtu. Wakakosa wa kumwandikia faini, kwani fomu zao zilitaka dereva. Wakaliachilia gari likaenda zake. California ilikwisha pitisha sheria mwaka 2024, iliyowekwa ianze kutumika Julai 2026, ya kumwezesha askari kuipelekea kampuni yenyewe hati ya kosa. Ni hatua njema, lakini angalieni miaka: nauli ya teksi zisizo na mtu ilitangulia, na hati ya kosa ikaja nyuma.

Wala tusijione sisi tuko salama kwa kuwa magari haya hayajateremshwa Kilindini. Mwaka 2004 waziri wa uchukuzi, marehemu John Michuki, alilazimisha kila matatu kufungwa kidhibiti mwendo. Kilikuwa chombo kizuri, kisichojua hongo wala haraka. Hakikupita kitambo wako waliovichokoa vidhibiti hivyo, magari yakaruka kama zamani. Mashine haikuasi. Mwenye mashine ndiye aliyeasi, na aliyepaswa kumkagua akatazama upande mwingine.

RIZKI ZA WATU

Kuna mwenye amana mwingine ambaye katika mazungumzo haya hutajwa mwisho, ikiwa atatajwa. Ni dereva. Wako vijana wa Mombasa, Malindi na Lamu walioshika usukani katika miji ya Ghuba, na kwa usukani huo wamejenga nyumba za mawe, wamewasomesha wadogo zao, wamewapeleka mama zao Hija. Dubai ikisema robo ya safari ifikapo 2030, mwenye hesabu husikia asilimia, lakini mama wa Kisauni husikia habari za mwanawe. Mwaka 2024 madereva wa teksi wa mji wa Wuhan, Uchina, walilalamika kwamba magari ya Baidu yasiyo dereva, kwa nauli zake za chini, yawanyang'anya wateja. Kilio cha Wuhan na kilio cha Kisauni, vikija, vitakuwa na sauti moja.

Najua nitaambiwa kwamba dunia haimngoji mtu, na kwamba kazi nyingi zimepita: mshika lifti amepita, mwasha taa za mtaa amepita. Ni kweli. Reli ya Dubai yenyewe yaenda bila dereva tangu Septemba 2009, na watu wameizoea. Lakini reli hiyo ina njia yake ya peke yake, isiyokatwa na mtoto wala mkokoteni, ilhali teksi huingia mitaani kati ya watu. Na dereva anapoondoka mtaani haiondoki mikono tu, yaondoka na macho. Yeye ndiye shahidi. Ndiye awezaye kusema mbele ya kadhi au hakimu, "Nilikuwapo, niliona." Kamera za gari huona zaidi yake, lakini wanachokiona huwekwa kabatini mwa kampuni, na ufunguo ni wa kampuni. Kisa cha mita sita kimetufunza gharama ya ufunguo huo.

MASHARTI YA AMANA

Basi aliulizaye swali la barazani nampa jibu langu. Je, tuyaamini? Ustadi wa gari, katika miji lililokwisha izoea, waelekea kushinda ule wa wengi wetu, na mwenye kukana hilo ashindana na hesabu. Atakayepanda huko Phoenix au Abu Dhabi simwiti mjinga. Lakini ustadi ni nusu ya uaminifu. Nusu ya pili hailetwi na leza wala rada. Huletwa na watu, na ina masharti matatu.

La kwanza, kumbukumbu za kila ajali, pamoja na picha zake, zifike mikononi mwa serikali na mwa aliyedhurika zikiwa kamili, kabla hazijapitiwa na mawakili wa kampuni. La pili, ajulikane mapema, kabla gari halijawashwa, nani atakayejibu likiua. Awe mtu mwenye jina na anwani, na asiwe yule mnyonge aliyeketi ndani kwa mshahara mdogo. La tatu, wenye mtaa waulizwe. Agosti 2023 tume ya jimbo la California iliruhusu teksi hizi kutoza nauli usiku na mchana San Francisco, ilhali wakuu wa mji wenyewe walikuwa wamepinga, na baada ya kifo cha yule paka, diwani wa mtaa alitaka wenyeji wapewe haki ya kupiga kura. Abiria ameridhia kwa kulipa nauli. Mpita njia hakuridhia chochote, na yeye ndiye aliyekufa Tempe, na ndiye aliyeburutwa San Francisco.

Wako watakaosema kwamba ajali ni kadari, na kwamba Mwislamu hutawakali. Tumwambie hivi: bedui alipomwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache huru atawakali, alielekezwa amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali. Gari hili ni ngamia wa zama zetu. Kamba yake ni sheria, na ncha ya kamba lazima iwe mkononi mwa mtu tunayemjua. Ikiisha kufungwa hivyo, nami nitapanda, nitasoma dua yangu ya safari, na nitatazama nje dirishani kama abiria mwingine yeyote.

Kwa wapendao beti, nawaachia hili moja:

Gari lendalo pekeye, kulipanda si haramu,
Kwanza tuwaangaliye, wenye kushika hatamu,
Likidhuru tuwajiye, watoe haki timamu,
Asiye wa kulaumu, roho tusimwachiliye.